George Bernard Shaw na Msichana Mwuza Maua

Katika somo hili utasoma maisha ya mwandishi mmoja aliyeitwa George Bernard Shaw. Alizaliwa mwaka 1856, akafariki mwaka 1950. Aliandika michezo ya kuigiza zaidi ya 50. Mmoja wa michezo hiyo unamhusu mtu ambaye hali yake huenda unaifahamu. Alikuwa amekwisha kuacha utoto, anajitegemea kwa kazi yake ndogo, na siku moja akaamua kutafuta mwalimu.

Utaona jinsi alivyojifunza. Utaona pia yaliyompata baada ya kujifunza. Soma polepole. Mwishoni utakuta maswali ya kujadili na wenzako darasani.

1. Mtoto asiyependa shule

Shaw alizaliwa tarehe 26 Julai 1856 katika mji wa Dublin, nchini Ireland. Wakati huo nchi ya Ireland ilitawaliwa na Uingereza.

Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa nafaka. Biashara yake haikuwa nzuri, na yeye mwenyewe alikuwa mlevi. Mama yake alikuwa mwimbaji. Ndugu zake walikuwa dada wawili, Lucy na Agnes. Familia ile ilikuwa na jina la heshima lakini haikuwa na fedha. Walijiona si watu wa chini, lakini mfuko ulikuwa mtupu. Tangu utotoni, basi, Shaw alijua tofauti kati ya hali ya mtu na jinsi anavyotaka kuonekana mbele za watu.

Shaw alipita katika shule kadhaa. Hakuipenda hata moja. Aliona shule ni kama gereza la watoto. Lakini usifikiri kwamba alichukia elimu. Nyumbani kwao kulikuwa na muziki, na mjini Dublin kulikuwa na jumba la picha ambalo watu waliingia bila kulipa. Kijana Shaw alikwenda huko mara nyingi, akatazama na kujifunza peke yake.

Mwaka 1871 aliacha shule. Alikuwa na umri wa miaka 15. Akaajiriwa kuwa karani katika ofisi iliyosimamia mashamba na nyumba za matajiri. Kazi yake mojawapo ilikuwa kupokea kodi kutoka kwa wapangaji. Aliwaona maskini wakihesabu fedha zao chache ili kumpa mwenye nyumba ambaye hawakumjua hata kwa sura. Jambo hilo hakulisahau.

2. Chuo chake kilikuwa maktaba

Mwaka 1876 Shaw aliacha kazi ya ukarani, akahamia London, mji mkuu wa Uingereza. Mama yake alikuwa amekwisha kuhamia huko, akifundisha watu kuimba. Shaw alitaka kuwa mwandishi.

Miaka ile ilikuwa migumu. Kati ya mwaka 1879 na 1883 aliandika hadithi ndefu 5. Alizipeleka kwa wachapishaji, nao wakazirudisha. Nguo zake zilichakaa. Alikula kwa jasho la mama yake. Mwaka 1881 aliugua ndui, na alipopona alifuga ndevu.

Lakini London kulikuwa na mahali palipomfaa sana. Katika Jumba la Makumbusho la Uingereza kulikuwa na chumba kikubwa cha kusomea, chenye umbo la duara. Vitabu vilikuwa vingi mno. Mtu aliyepata kibali aliweza kusoma bila malipo. Tena chumba kilikuwa na joto, na hilo si jambo dogo kwa maskini katika nchi ya baridi. Shaw alikwenda huko karibu kila siku kwa miaka mingi. Alisoma siasa, uchumi, muziki na mengineyo. Hakupata kusoma chuo kikuu. Chuo chake kilikuwa chumba kile.

Kulikuwa na jambo jingine. Shaw alikuwa mwoga wa kusema mbele ya watu. Mwaka 1880 alijiunga na kikundi cha watu waliokutana kufanya majadiliano. Mara ya kwanza aliposimama kusema, alitetemeka. Aliona aibu kubwa. Basi akajiwekea amri: kila mkutano atakwenda, na kila mkutano atasema. Hakungoja woga uishe ndipo aseme. Alisema, na woga ukaisha. Baadaye akawa msemaji hodari, akihutubia watu katika kumbi, katika bustani na kwenye pembe za barabara. Wala hakutoza malipo.

Je, wewe ulipoitwa ubaoni mara ya kwanza, mkono wako haukutetemeka?

3. Kuwapigania makabwela

Mwaka 1884 Shaw alijiunga na Chama cha Fabian. Wanachama wake walitaka mali ya nchi iwafae watu wote, si matajiri wachache. Hawakutaka kumwaga damu. Walitaka kuleta mabadiliko hatua kwa hatua, kwa kuandika, kufundisha na kutunga sheria.

Mwaka 1895 Shaw na wenzake watatu, yaani Sidney Webb, mke wake Beatrice Webb, na Graham Wallas, walianzisha chuo mjini London. Chuo hicho kinaitwa London School of Economics. Hapo mwanzo masomo yake mengi yalifundishwa jioni, ili watu wenye kazi zao za mchana waweze kuhudhuria. Miaka mingi baadaye, katika miaka ya 1930, Jomo Kenyatta alisoma katika chuo hicho hicho. Ndiye aliyekuja kuwa Rais wa kwanza wa Kenya.

Shaw alianza pia kuandika michezo ya kuigiza. Mchezo wake wa kwanza ulioneshwa mwaka 1892. Ulihusu watu wenye fedha wanaoishi kwa kodi za vyumba vibovu vya maskini. Bila shaka aliwakumbuka wapangaji wa Dublin. Watu wengi walikwenda kwenye michezo ili kucheka na kustarehe. Shaw aliwachekesha, lakini wakati wakicheka aliwauliza fedha zao zimetoka wapi.

4. Eliza anatafuta mwalimu

Mwaka 1912 Shaw aliandika mchezo uitwao Pygmalion. Jina hilo ni la mtu katika hadithi ya kale ya Wagiriki. Mtu huyo alichonga sanamu ya mwanamke, akaipenda, nayo ikapewa uhai. Shaw alitaka kuuliza swali: sanamu ikipata uhai, je, ni mali ya mchongaji?

Mchezo unaanza usiku mjini London. Mvua inanyesha. Watu wamejikinga chini ya paa la kanisa. Miongoni mwao yumo msichana maskini aitwaye Eliza Doolittle. Kazi yake ni kuuza maua barabarani. Yumo pia Profesa Higgins, mtaalamu wa matamshi. Akimsikia mtu akisema maneno machache tu, hutaja mahali alikotoka.

Lazima uelewe jambo hili. Katika Uingereza ya wakati ule, matamshi yalikuwa kama ukuta. Tajiri na maskini walisema lugha moja, lakini si kwa namna moja. Mtu alipofungua kinywa, mara walijua ni wa tabaka gani. Maskini mwenye akili na bidii aliweza kunyimwa kazi kwa sababu ya jinsi alivyotamka maneno.

Higgins anajigamba mbele ya watu kwamba anaweza kumfundisha msichana yule hata aonekane bibi mkubwa. Eliza anasikia. Usiku ule hasemi neno juu ya masomo. Lakini kesho yake anavaa nguo zake nzuri kuliko zote, anapanda teksi, anakwenda nyumbani kwa Higgins. Anataka kujifunza. Hataki kuwa bibi mkubwa. Anataka kuajiriwa katika duka la maua, aache kusimama barabarani. Wenye maduka hawamtaki kwa sababu ya usemi wake.

Tena hakuja kuomba sadaka. Amekuja na fedha yake. Anataka kulipa shilingi 1 kwa kila somo.

Tupige hesabu. Wakati huo shilingi 1 ya Uingereza ilikuwa na peni 12. Eliza alipata kiasi cha shilingi 2 na peni 6 kwa siku, yaani peni 30. Katika peni 30, alikuwa tayari kutoa peni 12. Maana yake, katika kila peni 5 alizochuma, peni 2 zingekwenda kwa mwalimu. Higgins mwenyewe alipiga hesabu hiyo. Akaona kwamba hakuna tajiri aliyewahi kumpa sehemu kubwa hivyo ya pato lake.

5. Swali la mama wa nyumbani

Higgins anakubali kumfundisha. Lakini anakubali kwa sababu gani? Rafiki yake, Kanali Pickering, amewekeana dau naye. Wanataka kuona kama katika miezi 6 Eliza anaweza kupelekwa kwenye karamu ya balozi, watu wote wakadhani ni mwanamke wa ukoo wa kitawala. Kwa Higgins, Eliza si mwanafunzi. Ni jaribio.

Ndani ya nyumba ile kuna mama aitwaye Bibi Pearce, msimamizi wa kazi za nyumbani. Yeye hana shahada. Lakini ndiye anayeuliza swali la maana: masomo yakiisha, msichana huyu atakwenda wapi? Hataweza kurudi barabarani kuuza maua. Wala hana fedha za kuishi kama bibi mkubwa. Higgins halijali swali hilo. Kwake yeye, kitakachofuata si kazi yake.

Masomo yanaanza. Eliza anarudia sauti zile zile mchana na usiku. Higgins anamfokea. Eliza analia, lakini hakimbii.

Siku moja wanampeleka kwa mama yake Higgins kumjaribu. Matamshi yake ni mazuri kabisa. Lakini maneno yenyewe bado ni ya mtaani. Kwa sauti ya kibibi anaeleza jinsi anavyoamini kwamba shangazi yake aliuawa na watu wa nyumbani kwake. Anapoaga anatoa neno moja la matusi. Mchezo ulipooneshwa London mwaka 1914, neno hilo lilishtua watu, hata magazeti yakaliandika sana. Lakini Shaw alikuwa na lake la kusema. Kubadili sauti ya mtu si kumbadili mtu.

6. Usiku wa ushindi

Siku ya karamu inafika. Eliza anashinda. Wakubwa wote wanamwona ni mwenzao.

Usiku wanarudi nyumbani. Higgins na Pickering wanapongezana. Wanasema kazi ilikuwa ndefu, sasa imekwisha, na wamefurahi. Eliza ameketi pale pale, kimya. Hakuna anayempa hongera. Hakuna anayemwambia ahsante. Higgins anachotafuta ni viatu vyake vya kuvaa ndani.

Hapo Eliza anavichukua viatu vile na kumtupia. Kisha anauliza swali lile lile la Bibi Pearce: sasa atakuwa nani? Zamani aliuza maua, lakini hakujiuza mwenyewe. Sasa wamemfanya bibi mkubwa, na bibi mkubwa asiye na fedha hana njia ila kutafuta mume wa kumlisha. Usiku huo huo anaondoka.

Asubuhi wanakutana kwa mama yake Higgins. Eliza anamshukuru Pickering kuliko Higgins. Kwa nini? Kwa sababu siku ya kwanza kabisa, alipokuwa bado mwuza maua mchafu, Pickering alimwita kwa heshima, kama anavyoitwa msichana wa watu wakubwa. Alimvulia kofia na kumpisha mlangoni. Hapo ndipo Eliza alipoanza kujiheshimu. Higgins alimfundisha sauti. Pickering alimfundisha kwamba yeye ni mtu.

Halafu Eliza anatambua jambo jingine. Higgins anaweza kumfukuza. Anaweza kumnyang'anya nguo na vito. Lakini yale aliyojifunza hawezi kuyachukua tena. Eliza anaweza hata kwenda kufundisha wengine. Tangu hapo hamwogopi.

Katika mchezo huu yumo pia baba yake Eliza, Mzee Alfred Doolittle. Yeye ni mzoa taka. Tajiri mmoja wa Marekani anamwachia fedha nyingi katika wosia. Ghafla anapanda tabaka, bila kutaka wala kujifunza lolote. Sasa jamaa ambao hakuwajua wanamjia kila siku, na lazima aishi kama watu wakubwa wanavyotaka. Analalamika kwamba raha yake imekwisha. Baba amebadilishiwa hali na watu wengine. Binti amejibadilisha mwenyewe. Tazama tofauti hiyo.

7. Eliza anarudi darasani

Mchezo ulioneshwa kwanza mjini Vienna mwaka 1913, kwa lugha ya Kijerumani. Mwezi Aprili 1914 ulioneshwa London, ukapendwa mno. Watu wengi walitaka Eliza aolewe na Higgins. Hata mwigizaji aliyecheza nafasi ya Higgins alimrushia Eliza maua mwishoni, kuonesha mapenzi. Shaw alikasirika. Aliona wanampa tena mchongaji ile sanamu.

Basi mwaka 1916 aliandika maelezo ya kufuata mchezo. Humo Eliza anaolewa na kijana mwingine, Freddy, ambaye hana fedha wala ufundi wowote. Kanali Pickering anawasaidia kufungua duka la maua. Lakini duka linakwenda vibaya. Freddy anajua Kilatini kidogo, lakini hajui kuendesha biashara. Eliza anasema kama bibi mkubwa, lakini hesabu za duka zinamshinda.

Wanafanya nini? Wanarudi kusoma. Jioni wanakwenda kwenye madarasa, wanaketi pamoja na makarani vijana, wanajifunza kuweka hesabu na kupiga taipu. Tena Eliza anamwomba Higgins amfundishe mwandiko mzuri. Higgins anamwambia hataweza. Eliza anashikilia, na anaweza. Mwishowe duka linasimama.

Hivyo shabaha yake ya kwanza, ile ya siku alipokuja na shilingi yake, anaifikia. Lakini sasa duka ni lake.

8. Mwisho wa maisha yake

Shaw alipewa Tuzo ya Nobel ya fasihi ya mwaka 1925. Heshima aliipokea. Fedha hakutaka ziwe zake, akataka zitumike kutafsiri vitabu vya Kiswidi kwa Kiingereza.

Hakuwa mtu asiye na makosa. Mwaka 1931 alikwenda Urusi, akarudi akimsifu Stalin. Mwaka 1933 alikana kwamba huko kulikuwa na njaa, na kumbe watu walikuwa wakifa kwa mamilioni. Aliyewafundisha watu kuuliza maswali, hapo hakuuliza ya kutosha. Mwenye elimu naye hukosea asipotaka kuona.

Tarehe 2 Novemba 1950 alifariki nyumbani kwake, katika kijiji cha Ayot St Lawrence. Alikuwa na miaka 94. Alianguka bustanini akipogoa mti, akaumia, wala hakupona. Katika wosia wake alilikumbuka Jumba la Makumbusho alikosoma bila malipo, na jumba la picha la Dublin alikoingia akiwa kijana. Yote mawili aliyaachia sehemu ya mapato ya vitabu vyake.

Aliacha pia fedha za kutafuta herufi mpya za Kiingereza. Maneno ya Kiingereza huandikwa hivi na kutamkwa vile, na Shaw aliona huo ni mzigo kwa anayejifunza. Alitaka herufi zisizopungua 40, kila sauti na herufi yake. Herufi hizo zilitungwa, na mwaka 1962 mchezo wake mmoja ulichapwa kwa herufi hizo. Lakini Waingereza hawakuzikubali. Wewe uliyeanza na ba, be, bi, bo, bu unajua faida ya lugha inayoandikwa kama inavyosemwa.

Ndugu msomaji, mwalimu anaweza kukupa masomo. Anaweza pia kukufokea, au kujisifu kwa kazi yako. Lakini ukishajua kusoma, kujua huko ni kwako. Kilichobaki ni kujibu swali la Bibi Pearce, na afadhali ulijibu wewe kabla hujajibiwa na mtu mwingine.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini Shaw aliona chumba cha kusomea kilikuwa chuo chake?
2. Shaw alishindaje woga wa kusema mbele ya watu?
3. Eliza alitaka kujifunza kwa shabaha gani? Higgins alikuwa na shabaha gani?
4. Kwa nini Eliza alimshukuru Pickering kuliko Higgins?
5. Wewe ulipojiandikisha darasani ulitaka nini? Je, tangu ulipojua kusoma, watu wa nyumbani wanakutazama kama zamani? Waeleze wenzako.